Mkuu wa Shule Ameondoka, Shule Imebaki

Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe za Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba, Kent, Uingereza. Msemaji ni muuguzi, na ni mjumbe wa wazazi katika bodi ya shule.

    

Kamati ya maandalizi imenipa dakika 20 na kazi moja: niwaeleze mwaka ulivyokwenda katika shule ya grama ya hapa mjini, ambako baadhi ya watoto wetu wanasoma, pamoja na habari ya kubadilika kwa mkuu wa shule. Mimi ni mzazi pale, na wazazi wenzangu walinichagua niwawakilishe kwenye bodi. Jina la shule sitalitaja. Hotuba hii itachapwa kwenye jarida letu la kumbukumbu, na jarida hilo husomwa na ndugu zetu walioko Reading, Leicester na hata Muscat na Dar es Salaam. Nitakayosema yanaweza kumfaa mzazi wa shule yoyote.

Najua kilichoifanya kamati inisimamishe hapa. Ni kundi letu la WhatsApp. Tangu Septemba nimesoma ujumbe unaosema shule imekwisha. Nimesoma mwingine unaosema mkuu mpya amekuja kuwafungia mlango watoto wa wageni. Nimesoma na wa tatu, unaosema kinyume chake, kwamba amekuja kuijaza shule watoto wasiofaulu. Ndugu zangu, mtu mmoja hawezi kufunga mlango na kuuacha wazi kwa wakati mmoja. Leo tuongee taratibu.

Kazi yangu ni uuguzi. Nilitoka nyumbani na stashahada, digrii nikaisomea hapa Uingereza huku nikifanya zamu za usiku, na mpaka leo niko wodini. Zamu inapobadilika, muuguzi anayeondoka hamwambii anayeingia kwamba wagonjwa wote hawajambo, kwaheri. Anamkabidhi kila mgonjwa kwa mambo manne: hali yake ikoje sasa, historia yake ni ipi, mimi ninaipimaje hali hiyo, na nini kifanyike. Tumefundishwa hivyo kwa sababu ya hatari ya ile nusu saa ya kupokezana. Anayeondoka anaweza kuwa hodari, anayeingia naye hodari, na bado mgonjwa akaumia, kwa kuwa jambo moja lililokuwa kichwani mwa yule halikufika kwa huyu.

Mkuu wa shule akiondoka, zamu imebadilika. Nami nitawakabidhi shule kwa mpango huohuo.

Hali ilivyo

Tuanze na furaha, maana ipo. Mwezi Agosti matokeo ya A-level yalitoka, na wiki moja baadaye yale ya GCSE. Vijana wa shule yetu walifanya vizuri. Kwa wazee ambao bado wanauliza daraja la kwanza na la pili, siku hizi alama za GCSE England ni namba, kuanzia 9 iliyo ya juu hadi 1. Kwa hiyo mjukuu akikuletea karatasi yenye 9 na 8, usimuulize alama A ziko wapi. Mpe pole ya kusoma na umpikie pilau.

Vijana wawili wa Jumuiya hii wamemaliza A-level mwaka huu. Mmoja anasomea uhandisi chuo kikuu. Mwingine anasomea uuguzi, na huyo naomba mniruhusu nimpigie makofi mara mbili. Wengine wamepata nishani za Duke of Edinburgh, zile ambazo kijana hujitolea kwa jamii, hujifunza stadi, hufanya mazoezi ya mwili, kisha hutembea porini na begi mgongoni na kulala kwenye hema mvua ikinyesha. Mama mmoja hapa aliniuliza kwa nini mtoto alale nje wakati kodi ya nyumba imelipwa. Nilimjibu akamuulize mtoto akirudi. Alimuuliza, na sasa mdogo wake naye ameandikishwa.

Kuna jambo jingine ambalo halikutajwa siku ya kugawa zawadi, nami ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka mzima uliopita, kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walikuwa wakiwafundisha watoto wa shule za msingi hisabati na kusoma, bila malipo. Walengwa walikuwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kulipia tuisheni. Watoto wetu wamo waliofundishwa, na watoto wetu wamo waliofundisha. Kijana wa miaka 17 akimweleza mtoto wa miaka 10 sehemu na desimali mpaka mtoto akaelewa, hilo ni ufaulu, hata kama halina cheti.

Sasa habari ya uongozi. Mkuu aliyekuwepo kwa miaka mingi aliondoka mwisho wa mwaka wa masomo, Agosti. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Amestaafu. Kwa kawaida mkuu wa shule hapa hutoa notisi ya miezi mitatu, na akitaka kuondoka mwisho wa muhula wa kiangazi hutoa miezi minne, ili bodi ipate nafasi ya kutafuta mwingine. Nafasi ilitangazwa, waombaji wakachujwa, wakahojiwa, wakazungushwa shuleni, na wanafunzi nao wakapewa muda wa kuwauliza maswali. Yaliyosemwa ndani ya chumba cha usaili yamebaki mle mle, kama siri ya mgonjwa. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeteuliwa ni mama mwenye uzoefu wa shule za namna mbili, za kuchuja na zisizochuja, na alianza kazi Septemba.

Tulikotoka

Watoto, hapa naomba mnivumilie kidogo, kuna historia.

Neno grama lina maana ya sarufi. Shule hizi za kale zilianzishwa kufundisha sarufi ya Kilatini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, iliyosimamiwa na waziri aliyeitwa R. A. Butler, iliifanya sekondari ya serikali kuwa bure kwa watoto wote wa England na Wales. Lakini katika sehemu nyingi watoto walipimwa wakikaribia miaka 11. Wachache walikwenda grama, na walio wengi walikwenda sekondari za kawaida. Mtihani huo ndio 11-plus. Mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour ilizitaka mamlaka za elimu ziache kuwatenga watoto na kuwaweka wote katika shule za pamoja. Sehemu nyingi za nchi ziliitikia. Kent ilibaki na mfumo wa kuchuja, na ndio maana mtu akihamia hapa kutoka Leeds au Manchester anashangaa kumkuta jirani akizungumzia mtihani wa mtoto wa miaka 10 kama vile anazungumzia mahari. Sheria ya mwaka 1998 ilizuia kuanzisha grama mpya. Leo England nzima zimebaki 163, na zinasomesha kama mtoto mmoja katika kila 20 wa sekondari za serikali.

Sisi tuliosoma Tanzania miaka ile hatuhitaji kuelezwa sana. Tunaukumbuka mtihani wa darasa la saba wakati nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa za kuhesabika. Majina yalibandikwa ukutani. Shule nzima inatoa watoto watatu, wengine wanne, na waliobaki wanarudi nyumbani wakiwa na miaka 14 huku kijiji kizima kikijua kwamba wamefeli. Wengi wao hawakuwa wajinga. Viti vilikuwa vichache.

Na kwa kuwa leo ni siku ya Uhuru, nitamtaja mtu mmoja aliyepita kwenye kila chujio la zama zake. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa machifu, kwa mfano wa shule zao kubwa za bweni za huku. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliingia pale mwaka 1937. Akaenda Makerere mwaka 1943. Akafundisha St. Mary's Tabora. Akaja Edinburgh na kuhitimu shahada mwaka 1952. Akafundisha Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aongoze TANU. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema kwamba kuchuja ni kuzuri, maana yeye kulimfaa. Badala yake, mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliukosoa mfumo unaowaandaa wachache wanaochaguliwa na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Hakusema shule zifungwe. Alitaka aliyesomeshwa ajue kwamba amesomeshwa kwa jasho la wengi, na kwamba ana deni.

Mtu huyohuyo alitufundisha na kupokezana uongozi. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, aliuachia uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama. Nchi ilikuwa changa kama mtoto wa wiki sita, na haikuanguka. Desemba ya mwaka ule akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1985 akang'atuka, neno alilotuletea kutoka Kizanaki, na Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi. Sote tuliokuwa na akili wakati ule tunakumbuka wasiwasi uliokuwepo mitaani. Watu waliuliza, nchi itakuwaje bila Mwalimu? Nchi iliendelea, kwa mazuri yake na matatizo yake. Sasa sisi wa nchi ile ndio wa kusema shule imekwisha kwa sababu mtu mmoja amestaafu?

Tunavyoipima

Niwe mkweli kwenu kama ninavyokuwa mkweli kwa ndugu wa mgonjwa. Kwa matokeo ya mitihani, shule haina homa. Walimu ni walewale, na vijana waliopo walikwishaandaliwa. Matokeo ya mwaka mmoja au miwili ijayo yatakuwa bado ni kazi ya zamu iliyopita, kwa hiyo yakiwa mazuri tusimsifu mkuu mpya kupita kiasi, na yakishuka kidogo tusimlaumu upesi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wazazi nao husifu sana wakasahau kuonja.

Wasiwasi wangu uko kwingine, na nina mambo mawili.

La kwanza ni yale masomo ya Jumamosi. Hayajaanza tena. Tangu Septemba hakuna Jumamosi hata moja iliyofanyika, na baadhi yenu mnalo jibu lenu tayari, kwamba mkuu mpya ameyafuta. Hakuyafuta. Hakuyakuta. Mkuu wa zamani aliyaendesha kwa watu aliowajua: alimfahamu mwenye ukumbi, aliwafahamu walimu wakuu wa shule za msingi, alijua nani ana gari la kuwachukua watoto wanaokaa mbali, na ufunguo alikaa nao mwenyewe. Ilikuwa kazi ya moyo na ilifanyika vizuri. Lakini haikuandikwa popote. Haikuwa na bajeti, haikuwa na kamati, haikuwa na jina la wa pili wa kuuliza. Siku aliyoondoka, iliondoka naye. Hili ndilo lile jambo moja lililobaki kichwani mwa aliyemaliza zamu. Na anayeumia ni mtoto ambaye mama yake anafanya zamu mbili za kutunza wazee na hana fedha ya tuisheni.

La pili ni utaratibu wa kuingia shuleni. Kabla ya kuondoka, mkuu wa zamani aliacha mezani pendekezo, na mkuu mpya amelichukua kama lilivyo. Linasema hivi: miongoni mwa watoto waliofaulu mtihani, wale ambao shule hupewa fedha ya nyongeza na serikali kwa ajili yao, kwa sababu wamekuwa wakistahili chakula cha bure shuleni, watangulizwe kwenye orodha ya kupewa nafasi. Fedha hiyo ilianza kutolewa mwaka 2011, na shule kadhaa za grama zimekwishaweka kipaumbele cha namna hii.

Sikilizeni vizuri neno miongoni. Mtoto lazima afaulu kwanza. Hakuna anayeingizwa bila kufaulu. Kinachobadilika ni nani anatangulia wakati waliofaulu ni wengi kuliko viti. Leo anayetangulia katika shule yetu ni anayekaa karibu. Na nyumba zilizo karibu na shule ya grama, wote tunajua bei yake. Kwa hiyo hata leo kuna kipaumbele, ila hakiitwi hivyo.

Sisemi kila mmoja akubaliane nami. Yupo baba hapa, rafiki yangu, ambaye amekopa akanunua nyumba karibu na shule kwa ajili ya mwanawe, na pendekezo hili linaweza kumgusa. Ana haki ya kulipinga, na hoja yake si ya kuchekwa. Ninachosema ni kwamba bodi bado haijaamua, na wakati wa kusema ni sasa.

Mtaniuliza, mkuu mpya mwenyewe unampimaje? Wodini, makabidhiano mazuri huanza na mgonjwa aliye hoi, hata kama kitanda chake kiko mwisho kabisa. Kwenye mkutano wa wazazi wa Septemba, uliokuwa wazi kwa kila mzazi, mama yule hakuanza na matokeo. Aliuliza ni shule zipi za msingi za mji huu ambazo hazijawahi kuleta mtoto pale, na kwa nini. Ukumbi ulikaa kimya. Mimi nilipata jibu langu. Anayeuliza swali hilo mwezi wa kwanza anafaa kupewa muda na kupewa msaada.

Nini kifanyike

Mambo ni matano. Mengine ni ya kufanya wiki hii.

Moja, jibuni mashauriano. Kwa utaratibu wa England, shule ikitaka kubadilisha masharti ya kuingia ni lazima iwaulize watu kwanza, kwa muda usiopungua wiki 6, kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Januari. Uamuzi lazima uwe umefanywa kufikia 28 Februari. Ya shule yetu yako wazi sasa hivi. Hayawahusu wazazi wa shule ile peke yao. Yanamhusu kila mwenye mtoto mdogo katika eneo hili, hasa mwenye mtoto aliye Mwaka wa 5, maana hao ndio wa kwanza watakaoguswa. Andika unakubali, au andika unapinga, na useme sababu. Kiingereza chako si lazima kiwe cha redio. Pale mezani karibu na chai kuna vijana wawili wenye kompyuta, watakusaidia kuandika utakachosema wewe, si watakachosema wao. Wenzetu wengine wamekwishaandika. Tukikaa kimya tutahesabiwa kuwa hatupo.

Mbili, jiandikisheni kwa chakula cha bure shuleni ikiwa kipato chenu kinastahili. Najua aibu iliyopo. Mtu anasema, mimi sikuja Ulaya kuombaomba. Lakini usipojiandikisha, shule haipati ile fedha ya nyongeza kwa mtoto wako, na pendekezo likipita, mtoto wako hatahesabiwa. Hata mwenye mtoto wa madarasa ya chini kabisa, ambako wote hula bure, bado aombe, kwa sababu chakula cha wote hakileti ile fedha. Na kwa ndugu zetu mlioingia na viza zisizoruhusu fedha za umma, hasa mnaofanya kazi za kutunza wazee: watoto wenu nao wanaweza kustahili, kwa kuangalia kipato. Mpango huo ulifanywa wa kudumu mwaka 2022. Ulizeni ofisi ya shule au halmashauri. Kuuliza hakuvunji viza.

Tatu, jueni tarehe za mtihani wa Kent. Usajili hufunguliwa Juni na kufungwa mwanzoni mwa Julai, mtoto akiwa anamaliza Mwaka wa 5. Shule ya msingi haikusajilii, ni mzazi mwenyewe. Mtihani ni Septemba, na haulipiwi. Matokeo hutoka Oktoba. Fomu ya kuchagua shule mwisho wake ni 31 Oktoba, na majibu ya shule hutolewa mwanzoni mwa Machi. Kuna hatua ambayo wengi wetu hatuijui: kabla matokeo hayajatangazwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaweza kupeleka mbele ya jopo madaftari ya mtoto aliyekaribia kufaulu, ili kazi yake ya mwaka mzima itazamwe. Kwa hiyo mjue mwalimu wa mwanao mapema. Usisubiri siku ya msiba. Na mtoto asipopata shule, mzazi ana haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru.

Nne, tuzirudishe Jumamosi. Hapa siilaumu shule, naiomba Jumuiya. Mkuu mpya amekubali kutoa madarasa. Vijana wa kidato cha sita wako tayari, nimezungumza nao. Kinachokosekana ni watu wazima sita wa kukaa zamu, wawili wawili, na dereva mmoja. Lazima wakaguliwe kumbukumbu zao kwa ule utaratibu wa DBS, kama tunavyokaguliwa sisi wa hospitali, na kwa anayejitolea ukaguzi huo hauna ada. Safari hii kila kitu kitaandikwa: nani ana ufunguo, nani anapigiwa simu, nani ni wa pili wake. Ili siku mimi nikihama mji, au mkuu akiondoka, au Mwenyekiti wetu akimaliza muda wake, mtoto afike Jumamosi akute mlango uko wazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa huyu tunamjua.

Tano, tumkaribishe mkuu mpya. Nimeongea na Mwenyekiti, naye ameridhia tumwalike kwenye mkutano wetu wa mwaka mpya, ale nasi, aulizwe maswali ana kwa ana. Maneno ya WhatsApp yaishie pale. Na yule mzee aliyestaafu, tumwandikie barua ya shukrani yenye majina ya watoto wote wa Jumuiya aliowalea. Muuguzi anayemaliza zamu baada ya usiku mzito hatarajii zawadi. Anatarajia mtu amwambie asante, nenda kapumzike, tumeshapokea.

Mwisho, watoto, ninyi sasa.

Mlio grama: mmefanya kazi, na tunajivunia. Lakini mlikalia kiti ambacho wengine walikitaka, na baadhi yao walikuwa na akili kama ninyi. Msitembee kama wenye mji. Kila mmoja wenu aliye kidato cha tano au cha sita, jina lako nalitaka kwenye orodha ya Jumamosi kabla hujaenda kuchukua sambusa.

Mlio katika shule nyingine: msikubali mtu yeyote, hata mjomba, hata shangazi, awaambie kwamba mlifeli maisha mkiwa na miaka 10. Mimi nafanya kazi na madaktari na wauguzi waliosoma shule za kila namna, za Kent, za Kerala, za Manila, za Morogoro. Mgonjwa akibanwa na pumzi usiku wa manane hamuulizi muuguzi alipata ngapi kwenye 11-plus. Anataka kujua kama unaijua kazi yako na kama utamshika mkono. Yote mawili mnaweza kujifunza katika shule mliyopo.

Na mlio Mwaka wa 4 na wa 5, someni, chezeni, laleni mapema. Mtihani ni wa asubuhi moja tu.

Tarehe hii, mwaka 1961, wazee wetu walipokea nchi ikiwa na wasomi wachache sana, na kazi kubwa mbele yao. Waliipokea hivyohivyo, wakajenga shule ambazo ndizo zilizotufikisha wengi wetu hapa. Sisi tumeombwa kidogo: barua moja kabla ya 31 Januari, na watu sita wa Jumamosi. Karatasi ya kujiandikisha iko pale kwenye meza ya chai. Mstari wa kwanza nimeshaujaza mimi, imebaki mitano, na nafasi ya dereva.

Nawatakia sikukuu njema ya Uhuru.